Maziwa ya Mgeni

Kitu cha kwanza alichokiona ni mkunjo. Ulikuwa juu ya maziwa, pale shingoni mwa chupa, mwembamba kama ngozi ya kope. Kila alipopiga hatua ulijikunja, kisha ukajinyoosha, kana kwamba chupa yenyewe ilikuwa inasinzia.

Kimya alisimama kando ya njia. Hilo la Kimya ndilo jina walilomwita nyumbani, kwa sababu angeweza kushinda kutwa nzima bila kusema zaidi ya "naam" na "bado". Aliiinua chupa kwenye jua. Tangu alipoipokea kutoka kwa Bibi ilikuwa na joto, naye alidhani ni joto la ng'ombe. Lakini maziwa yanayotoka kwenye kiwele yana povu, hayana mkunjo. Mkunjo ni malai, ule utando wa juu, na malai hayaji bila moto.

Bibi alikuwa ameyachemsha.

Alimwona kama vile yuko mbele yake, ameinama kwenye jiko, anapuliza. Siku iliyotangulia mpimaji wa maziwa alipita nyumba kwa nyumba akiacha chupa safi zenye vizibo. Ng'ombe wa jirani alikuwa amekutwa na kifua kikuu, kwa hiyo kila anayepeleka maziwa kituoni alitakiwa ng'ombe wake apimwe. "Mama, yatoke kwenye chuchu yaingie humu, basi," alisema mpimaji. Bibi akajibu, "Nimekuelewa, baba." Na alikuwa amemwelewa kweli, ila Bibi alikuwa na sheria yake moja ambayo hakuna serikali iliyoweza kuivunja: maziwa mabichi ni ya watu wa nyumbani, mgeni huchemshiwa. "Mgeni akiumwa tumbo kwangu, uso wangu nitauweka wapi?" ndivyo alivyozoea kusema. Na mtu wa maabara, mwenye shati jeupe vile, ni mgeni kuliko wageni wote.

Kimya aliendelea kutembea. Mkunjo nao ukaendelea kusinzia.

Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kituo cha maziwa. Kilinuka sabuni na kitu kikali kilichokaa puani. Mpimaji alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, anayeongea na vyombo vyake kama mtu anayeongea na kuku.

"Karibu, mdogo wangu. Umetoka kwa yule mama wa ng'ombe mwenye mabaka?"

"Naam."

"Anaitwa nani vile?"

"Mawingu."

"Mawingu. Bado anakohoa?"

Kimya aliitikia kwa kichwa. Mawingu alikuwa na kikohozi kidogo kikavu, kama cha mtu anayebisha hodi na hataki kufunguliwa.

"Haya maziwa ni ya moja kwa moja, eti? Hayakupita kwenye sufuria wala nini?"

Jibu lilipanda hadi kooni, likakaa pale. Ndivyo ilivyokuwa hata shuleni, kabla hajaacha. Mwalimu akimwambia asimame asome, maneno yote aliyoyajua yalimkalia kooni kama watu waliokwama mlangoni. Alitazama viatu vyake. Mpimaji, aliyezoea watu wenye haya, alichukua ule ukimya kuwa ndiyo. Akatikisa chupa, mkunjo ukavunjika, ukazama.

Alimimina maziwa kwenye vichupa vyembamba, akavitia kwenye mashine ya kuzungusha. Mashine ikaanza kunguruma taratibu, kisha ikaimba kwa sauti moja ndefu hata chumba kizima kikawa kama kiko ndani ya mzinga wa nyuki.

"Njoo uone," alisema mpimaji, akamvutia kiti kwenye hadubini. "Haya si yenu. Ni ya yule ng'ombe wa jirani. Funga jicho moja."

Kimya aliinama. Mwanzoni aliona kope zake tu. Halafu akaona bluu, bluu isiyo na ukingo, na ndani yake vijiti vyekundu, vidogo, vimelala huku na kule kama nyuzi zilizodondoka kwenye sakafu ya fundi cherehani. Vilikuwa vizuri. Hakuwa ametegemea viwe vizuri. Alihisi akiteleza kuingia mle, akiwa mwepesi, na nyuzi zile zikimpita pembeni bila neno.

"Ndio hao bakteria," sauti ya mpimaji ilitoka mbali. "Lakini mara nyingi kwenye maziwa wanakuwa wachache, macho yanaweza kuwakosa. Kwa hiyo tunawalisha."

Alifungua kabati la joto. Ndani kulikuwa na safu za vichupa, na katika kila kimoja chakula cha kijani kilichogandishwa kwa mshazari, kama kilima kidogo chenye majani.

"Mayai hayo, yametiwa dawa ya kijani. Wageni wangu hawa wanapenda mayai kama wakwe. Kaeni, kuleni, msione haya," aliviambia vichupa. "Wanakua polepole sana, wiki na wiki. Wakiota, najua ng'ombe anao, tunamwondoa. Wasipoota, naandika safi. Ila lazima wafike hapa wazima. Ukichemsha wanakufa, na maiti haili."

Alicheka. Kimya naye alitabasamu, halafu tabasamu likamganda usoni.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Alijua sasa kwamba chupa yao haitaota kitu, Mawingu awe mzima au mgonjwa. Akisema, Bibi ataaibika mbele ya mgeni wake, tena labda Mawingu ataondolewa, yule ambaye Kimya humwegemea ubavuni jua likiwa kali, akasikia tumbo lake likizunguka kama mashine ya mpimaji. Asiposema, kuna Kitumbo.

Kitumbo alikuwa mtoto wa dada mkubwa wa Kimya, aliyeachwa kwa Bibi mama yake alipopata kazi mbali. Kila asubuhi alikuja zizini na kikombe chake cha bati, na Bibi akamkamulia humo humo. "Kunywa, mume wangu," Bibi alimtania, "yangali na uhai wake." Na siku hizi, Kimya akimwogesha, kidole chake kilikuta uvimbe chini ya sikio la mtoto, mdogo kama punje ya harage, usiouma.

Tangu siku ile alianza kukipokea kikombe. "Lete nikubebee," alimwambia Kitumbo, akapita nacho jikoni, akayachemsha na kuyapoza, akatoa malai kwa kijiko na kuyala mwenyewe.

"Mama mdogo, yana ladha ya moshi," alilalamika mtoto.

"Kunywa."

"Bibi, Mama mdogo anayachosha maziwa yangu!"

"Mwache, anayabembeleza," alijibu Bibi, akacheka.

Wiki zikapita namna hiyo, kama maji chini ya mkeka. Wakati mwingine, akiwa ameegemea ubavu wa Mawingu, Kimya alikiona kile kilima cha kijani ndani ya kioo, na Mawingu akipanda juu yake polepole, akila, na nyuma yake nyuzi nyekundu zikimfuata. Mawingu alikonda mbavu. Uvimbe wa Kitumbo haukuondoka.

Asubuhi moja mpimaji aliingia uani akiwa na uso wa habari njema. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakamua.

"Mama, hakuna kilichoota. Ng'ombe wako anaonekana safi."

"Si nilikwambia?" Bibi alisema, ingawa hakuwa amemwambia lolote. "Kitumbo! Lete kikombe, unywe mbele ya baba akuone. Kimya, mtilie mgeni yale ya kwenye sufuria."

Kitumbo alikuja mbio. Maziwa yaligonga bati, yakatoa povu. Mpimaji alikuwa anacheka. Kimya alitazama kile kikombe kikipanda kuelekea kinywani, polepole kama vitu vinavyopanda ndotoni, na chini ya sikio la mtoto ile punje ikacheza alipomeza mate.

Aliweka kiganja juu ya kikombe.

"Uliyachemsha, Bibi."

Bibi aligeuka kumtafuta aliyesema, maana sauti ile hakuizoea. "Nini?"

"Yale ya chupa. Uliyachemsha kwa sababu ni ya mgeni."

Mpimaji aliacha kucheka. Bibi alimtazama mpimaji, akatazama sufuria jikoni, mkono wake umesimama kwenye chuchu ya Mawingu, nalo tone moja likaning'inia pale bila kudondoka. Kimya alitamani kurudi ndani ya ile bluu isiyo na ukingo. Lakini mlangoni mwa koo lake watu walikuwa wameshaanza kutoka, na wa mwisho naye akatoka.

"Na Kitumbo ni mgeni, Bibi. Ndiye aliyefika mwisho katika nyumba hii. Mchemshie na yeye."