Sababu ya Kutoka Nje

...na huyu naye anatoka tena, mara ya tatu hii, eti anakwenda kuangalia saa ya koridoni, wakati saa ya ukutani iko hapa juu ya kichwa chake, haya, naandika kwenye fomu, saa tano na dakika kumi, msimamizi mwenzangu ametoka, sababu, uzembe, na mwalimu mkuu keshasema anayetoka zaidi ya mara mbili bila sababu ya maana hasimamii mtihani tena, basi asisimamie, mtu mzima na mvi zake, amebakiza mwaka mmoja astaafu, ananiachia watahiniwa arobaini peke yangu, na mimi hapa nimebana miguu tangu saa nne, nimebana mpaka taya zinauma... aa, na lile joto nalo linakuja, kifuani, shingoni, masikioni, watoto wa watu wamevaa masweta mimi najipepea na karatasi ya maswali, homoni zimepungua, mama, alisema yule daktari, binti wa rika la mwanangu, na kibofu kimelegea, kunywa maji, usijibane, ukisikia haja nenda, si aibu, si aibu kwake yeye, mimi juzi nilipiga chafya kwenye ngazi nikamaliza siku nimejifunga kanga juu ya sketi, baba watoto ananiuliza mbona kila saa chooni, namwambia ni tikiti maji nililokula, tikiti gani la miezi sita, nikajitibu mwenyewe, tangu jana jioni sijagusa maji, chai nimeikataa, nilidhani chombo kitupu hakimwagiki, kumbe ndiyo kwanza kinachoma, midomo imekauka na haja iko palepale, mjinga mimi, na huyu bwana anakwenda kutembea... huyo anarudi. Alitoka mbiombio, anarudi polepole, anafuta mikono kwa leso, mikono ina maji, mtu haoshi mikono kwa kuangalia saa, na bahasha ya mtihani kaishikilia mbele ya suruali, haiachii hata anapokaa, Mungu wangu, kaka yangu alianza hivihivi, tezi dume, tukamcheka, tukamwita mzee wa chooni, mpaka siku alipowekewa mpira wa mkojo, na mimi nimekaa hapa naandika uzembe, mara tatu, kwa mwandiko mzuri, mimi niliyebana, nani kanipa ujaji, nakata, nakata yote matatu, naandika chooni, chooni, chooni, na chini yake, saa tano na robo, natoka mimi, sababu, chooni, lionekane, mwalimu mkuu naye ana umri wake, asome.

"Mwalimu," namnong'oneza, "nakwenda chooni. Ukitaka kwenda tena niambie tu, usihangaike na saa."

Anaisoma fomu, anaona na nilipokata, kalamu za watoto zinakwaruza, dakika arobaini bado, kisha anainuka, ananivutia kiti taratibu kisipige kelele.

"Nenda, dada. Mimi nilianza kwa kujibana."