Koki ya Bohari ya Chini

Jiwe la angani lilitoboa tangi la hewa la chombo chao cha angani asubuhi, watu wakiwa kwenye chai. Fundi wa hewa aliliziba mbio mbio, lakini hewa nyingi ilikuwa imeshakwenda zake. Iliyobaki ingewatosha watu kumi na wanne siku mbili, na bandari ilikuwa mbali siku tatu.

Nahodha, shemeji yake fundi, alimwita kando. Si mtu mbaya, ila alikuwa na woga. Akamwambia wale watano wa bohari ya chini, waliowaokota kwenye chombo kilichovunjika, si watu wao. Koki yao ya hewa ikifungwa, tisa watafika. Na binti yake fundi alikuwa katika hao tisa.

 Fundi alichukua spana akashuka, na tusidanganyane, alishuka kufunga.

Sasa, mafundi wa bomba wana desturi yao: hufungi koki kabla hujagonga bomba mara tatu, walio upande wa pili wajue. Mkono ukagonga wenyewe, kwa mazoea ya miaka thelathini.  Kisha bomba likagongwa mara tatu kutoka chini, taratibu: tumesikia, funga tu. Nao walikuwa watu wa vyombo vya angani. Walidhani anatengeneza.

Akakaa sakafuni. Aliponyanyuka aliung'oa mpini wa koki, akautia mfukoni, akapanda.

"Umefunga?"

"Sijafunga, na sifungi. Tunalala, shemeji. Sote, siku tatu. Aliyelala kimya hatumii hewa nyingi."

"Na isipotosha?"

"Tutaikosa pamoja. Lala hapo, kulala wewe hujaanza leo."

Binti akacheka. Fundi, mama yake, akamwashiria anyamaze, kicheko nacho kinakula hewa.

Aliwapandisha wale watano, akawaambia wazi alichokuwa amekishukia. Mzee wao alimtazama sana, kisha akajilaza kando yake.

Chombo kilijiendesha. Vichwa viliwagonga, midomo ikakauka. Fundi peke yake alitambaa, akifungulia hewa kidogo kidogo, kama anayemnywesha mgonjwa kwa kijiko.

Siku ya tatu mlango wa bandari ulifunguka. Karani akauliza wako wangapi. Nahodha akageuka, akamtazama mzee wa bohari.

"Kumi na wanne," mzee akamjibia.

Nahodha akainama, akambeba mzee mgongoni, wakatoka.