Paa la Nyamizi

Nyamizi alimpenda mwanawe Kasmiri kama mboni ya jicho lake, lakini siku walipomchagua kuwa mwenyekiti wa kijiji, yeye hakunyoosha mkono. Aliukalia. Alirudi nyumbani akiguna njia nzima kwamba watu wa huku wamepungukiwa, kumpa uongozi mwanamume ambaye hata mbwa akimbwekea humwambia samahani.

Tusimlaumu. Alikuwa mjane wa nsumba ntale, yule mkuu wa vijana wa kazi, ambaye akipuliza pembe yake alfajiri kijiji kizima kilikuwa shambani kabla umande haujakauka, na asiyefika alitozwa mbuzi. Huyo ndiye kiongozi ambaye Nyamizi alimjua. Sasa tazama mtoto aliyemzaa. Kasmiri alikuwa mtu wa "naomba", mtu wa "kama hutajali". Jirani akiumwa, yupo. Kukiwa na msiba, yeye ndiye aliyemo kaburini anachimba. Mwaka mmoja alikwenda kumlimia Maganga aliyevunjika mguu, plau ikamwangukia, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikapinda moja kwa moja. Nyamizi alimkanda kwa maji ya moto wiki tatu, na wiki tatu zote alimsema. Shamba la Maganga lilipata mtama, wewe umepata nini?

Ndipo ikaja amri ya mwaka sabini na nne, kwamba watu watoke kwenye makazi yao yaliyotawanyika, wakakae pamoja kando ya barabara ya Bariadi. Pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa, kwa hiyo kisingizio hakikuwepo. Katibu kata, Khatibu, alifika na baiskeli yake na daftari, akatoa siku kumi. Baada ya hapo watakuja mgambo na viberiti, na Kasmiri atavuliwa uenyekiti apewe mtu anayejua kuamuru. Kwani kuna aliyetuuliza kama tunataka kuhama? Hakuna. Kasmiri mwenyewe hakuipenda amri ile, na alimwambia Khatibu hivyo kwa upole wake, lakini haikusaidia kitu.

Kijiji cha jirani kilikuwa na mwenyekiti mkali kama pilipili. Aliwaamuru watu wake kwa bakora, nao wakaitikia ndiyo mzee, kisha wakaswaga ng'ombe wao wakatokomea upande wa Mwanhuzi. Alibaki anawaongoza kuku.

Watu wa Kasmiri hawakukimbia, ila hawakuhama pia. Wote walimtazama Nyamizi. Mama wa mwenyekiti akihama, tutahama, akikaa, tutakaa. Na Nyamizi alikaa.

"Niamuru," alimwambia mwanawe. "Baba yako angeniamuru."

"Siwezi kukuamuru utoke kwenye nyumba aliyokujengea baba, mayu. Naomba tu."

"Basi siendi."

Kumbe mama huyo alikwisha kuufunga hata mzigo wake, umekaa nyuma ya mlango. Alikuwa anangoja neno moja tu la ukali, ajue kwamba mwanawe hataliwa na watu akibaki peke yake duniani. Siku ya nane aliitungua pembe ya marehemu kutoka ukutani, akaiweka mbele ya Kasmiri pamoja na bakuli la uji. Kasmiri alikunywa uji, akashukuru, akairudisha pembe mahali pake. Nyamizi alitamani kumpiga nayo.

Asubuhi ya siku ya kumi Kasmiri alikuja peke yake, na kisu. "Mwangaluka, mayu," akasalimu, kisha akaanza kukata kamba zinazoshikilia paa. Nyamizi akamuuliza anafanya nini. Akajibu kwamba mgambo wanakuja leo, na kuta za udongo haziungui, ila paa alilolifunga baba hatakubali lichomwe. Atalibeba mpaka barabarani. Mama akitaka kubaki ndani ya kuta, abaki, yeye atamletea uji kila asubuhi.

"Utalibeba peke yako?"

"Nitajaribu."

Paa la msonge hubebwa na watu thelathini. Nyamizi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko yakageuka machozi ya kweli, maana alimwona mwanawe ameingia ndani na kuweka kichwa chake chini ya boriti.

Wa kwanza kufika alikuwa Maganga, akichechemea. Aliingia tu. Akafuata Felisita na wakwe zake wawili. Mumewe alizikwa wakati wa mvua kubwa, na kaburi alilichimba Kasmiri. Wakaja wengine, na wengine tena, mpaka kuta zikawa hazitoshi. Hakuna pembe iliyopulizwa. Walihesabu moja, mbili, tatu, na paa likanyanyuka na masizi yake ya miaka ishirini. Nyamizi akajitwika mzigo wake, akaitundika pembe begani, akafuata.

Katikati ya njia walisimama wapumzike, paa limewaegemea mabegani. Hapo ndipo Khatibu alipotokea na mgambo wake. Kwa nje alichoona ni nyasi, na miguu mingi chini yake. Akauliza kwa ukali mwenyekiti yuko wapi, maana kiongozi anatakiwa kuwa mbele.

Nyamizi aliinama, akaikagua miguu mmoja mmoja. Upande wa nyuma, kwenye uzito, akakiona kidole kilichopinda.

"Ni yule pale," akasema kwa fahari.

Kutoka ndani ya paa ikasikika sauti ya upole: jamani, naomba tuinue. Paa likainuka. Khatibu alifunga daftari lake.

Nyamizi akatua mzigo, akaivua pembe begani, akampa katibu kata. "Nishikie hii," akamwambia, kisha akainama akaingia kwenye giza na masizi, akasimama karibu na mguu ule, akanyoosha mikono yake mikavu juu.

"Mayu, toka, utaumia," alisema Kasmiri.

"Unaniamuru?"

"Hapana, mayu. Naomba."

"Basi sitoki," akasema Nyamizi, na paa likasonga mbele.