Kitufe Cheupe cha Mkuu wa Kitengo

Mkuu wa Kitengo cha Fomu za Mtandaoni hakujua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, lakini kuamrisha alijua. Mfumo wao uliandikwa kwa XML, lugha ya kompyuta ambamo kila alama inayofunguliwa lazima ifungwe, kama milango ya bweni. Sura ya fomu, yaani rangi, herufi na vitufe, ilikaa kwenye mafaili ya mtindo, na faili lililosomwa mwisho ndilo lililoshinda.

Mkuu alipoambiwa hilo, mate yalimjaa mdomoni. Kesho yake faili lake likahamishiwa mkiani, likaitwa "mwisho". Mkurugenzi akapata habari, naye akataka lake liitwe "mwisho-kabisa". Wakavutana hadi "mwisho-kabisa-sasa-basi", ndipo wakapatana kiungwana: Mkurugenzi atawale vitufe, Mkuu atawale maandishi ya vitufe na majibu ya mfumo. Mkurugenzi akachagua vitufe vyeupe, ndiyo heshima. Mkuu akachagua maandishi meupe, ndiyo usafi. Ukurasa wenyewe ulikuwa mweupe tangu kuzaliwa.

Fundi wa kitengo, mwanamke mwenye ulimi mkali waliyemwita Mama Mabano, akapendekeza mafaili yapangwe upya: moja la msingi, moja la rangi, na vyeo vya watu vikae nje. Mkuu akamjibu kwamba mafaili ya wakubwa hayapangwi na wadogo. Waombaji walipolalamika kuwa hawaoni pa kubonyeza, aliwaandikia wakaze macho.

Kisha Mkurugenzi akastaafu. Kiti chake kikatangazwa, na maombi yalipaswa kupita kwenye fomu hiyohiyo kabla ya saa sita mchana. Mkuu alikuwa ameshapimwa suti. Mashoga wa mkewe walikuwa wameshaanza kumwita mke wa Mkurugenzi, naye hakuwakatalia.

Siku ya mwisho, saa sita ikikaribia, Mkuu akaketi, akausifu uongozi wake kwa kirefu, kisha akashuka chini kutafuta kitufe. Weupe mtupu. Akapapasa kwa kipanya kama mtu anayetafuta kiatu gizani, akabonyeza. Sifa zote zikayeyuka, maana "Futa" ilikuwa jirani ya "Tuma". Akajaza upya, safari hii akiwa na sifa chache zaidi, akabonyeza kulia kidogo. Ukurasa mzima ukabaki mweupe, shwari.

Akajiegemeza kitini, akamwita fundi.

"Imekwenda, Mama Mabano. Umeona ukurasa ulivyo safi?"

Fundi akatazama saa ya ukutani, kisha ukurasa. "Bosi, huo usafi una maandishi."

Akashika kipanya, akakiburuta juu ya weupe ule. Kivuli cha bluu kikatanda, na herufi zikajitokeza ndani yake: Muda wa maombi umekwisha.

Mkuu akakohoa. Akauliza kama hakuna namna, hata ya mlango wa nyuma.

"Rangi naiweza, ni mstari mmoja tu," fundi akasema. "Saa siiwezi. Haimo kwenye faili lako."

"Basi rekebisha hiyo rangi."

Akairekebisha palepale. Tangazo sasa lilisomeka vizuri hata kutoka mlangoni, ambako kitengo kizima kilikuwa kimeshakuja kulisoma.