Jicho la Pili

Kazini kwetu hakuna programu inayoingia kwenye mfumo kabla mtu wa pili hajaisoma mstari kwa mstari. Ndiyo desturi yetu, nami naipenda. Lakini tangu mwenzangu astaafu, huyo mtu wa pili ni mimi mwenyewe. Naandika, natoka kunywa chai, narudi kujikagua kama mgeni. Upuuzi mtupu! Nyani haoni kundule.

Mfumo wetu wa ankara za maji umeandikwa kwa lugha ya kompyuta ambayo vyuo viliacha kuifundisha zamani. Bosi akitangaza kazi, vijana wanakuja, wanasikia jina la lugha, wanatabasamu kwa adabu, hao wanakwenda zao. Mmoja aliniuliza kama ilikuwa inaandikwa kwa taipureta. Nilimwonyesha mlango.

Halafu akaja binti mmoja ambaye hakukimbia. Nikamfundisha kuanzia alifu. Mbishi huyo! Kila kitu "kwa nini, dada?", na mimi hasira zangu ziko puani. Siku moja akawa anasoma kazi yangu, akakohoa kidogo.

"Dada, samahani. Hapa nyumba yenye mita mbili italipishwa moja tu."

Nikatazama. Kweli bwana! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nyumbani naishi peke yangu, na ofisini nilikuwa nimesahau raha ya kusahihishwa. Nilimpenda yule mtoto kuanzia hapo.

Haukupita muda, bosi akaniita. Benki moja ilikuwa inamtaka binti.

"Watakupigia simu wewe uliyemfundisha," alisema. "Waambie hajaiva. Atabaki."

Nilitamani, Mungu shahidi yangu. Lakini binti alishaniambia kwamba akienda kwenye usaili na kutaja lugha anayoijua, wanamwangalia kama amekosea mlango. Benki walipopiga nikawaambia ameiva, wamfundishe lugha yao tu, atashika upesi. Wakamchukua.

Kisha nikamwendea bosi nimefura.

"Usinitafutie mwingine wa kumfungia humu. Andikeni mfumo upya, kwa lugha wanayoijua vijana. Nami nitajifunza nao, na uzee wangu huu."

"Si unajitia kitanzi mwenyewe?"

"Afadhali. Nimechoka kuongea na ukuta."

Akanisikiliza, ajabu. Vijana wakaajiriwa, wakapewa chumba cha ghorofa ya juu. Siku yao ya kwanza nikanunua daftari jipya, nikapanda ngazi moyo unanidunda kama mwanafunzi. Bosi akanizuia mlangoni, kwa upole kabisa.

"Dada, wewe baki chini. Huu mpya ukiwa bado haujaisha, nani atautunza ule wa zamani? Hakuna mwingine anayeujua."

"Mpaka lini?"

"Miaka michache tu."

Ndani mmoja alikuwa amekosea kitu, wenzake wanamcheka, naye anacheka nao. Nikatafuta hasira zangu, sikuzipata. Nilisikia upweke tu.

"Sawa," nikamwambia. "Ila usifunge mlango kwanza."