Mvua ya Kumzimia Jatin

Tumpe wa Ilomba, Mbeya, alikuwa na saluni, mume mpole, na adui mmoja aitwaye Jatin. Saluni ilikuwa inakwenda vizuri na mume hakuwa na makuu, kwa hiyo akili yote iliyobaki aliielekeza kwa adui.

Jatin mwenyewe hakuwa amemfanyia ubaya wa kupelekana polisi. Alikuwa na duka la vitambaa Iringa mjini, akivaa miwani na kusalimia watu kwa adabu, na kila mwaka, kwenye mashindano ya kadi za Himaya kati ya Mbeya na Iringa, alikuwa anamfunga Tumpe fainali. Miaka mitatu mfululizo. Akishamfunga humwambia, "Umecheza vizuri, dada," na Tumpe aliyachukulia maneno hayo kama matusi ya nguoni.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, Himaya ni ya watu wawili, na kila mmoja huja na deki yake ya kadi hamsini alizozichagua nyumbani kutoka katika mamia. Ukishaingia ukumbini huruhusiwi kubadili hata moja, kwa hiyo ukichagua vibaya unakuja kupata aibu tu mbele za watu. Deki ya Tumpe ilikuwa ya ng'ombe. Ng'ombe wa Himaya huanza wakiwa wamekonda, kisha wanazaana na kunenepa, na ukiwaacha mpaka katikati ya mchezo watakukanyaga hadi uombe maji. Deki ya Jatin ilikuwa ya moto, na moto haukuwa na subira ya kungoja ng'ombe wa Tumpe wanenepe.

Mashindano yalikuwa yakifanyika Iringa kwenye ukumbi wa parokia. Paroko aliukubali mchezo kwa sharti moja, kwamba asione pesa mezani, maana kadi ni kadi na waumini wana midomo. Ndiyo maana badala ya fedha mshindi alipewa sufuria, lile la kupikia pilau ya harusi, lenye masikio mawili, ambalo mtoto angeweza kuogeshwa ndani yake. Kwa miaka mitatu sufuria hilo lilikuwa kwa akina Jatin, na habari zilizomfikia Tumpe ni kwamba mama yake Jatin alikuwa analitumia kuwekea vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Vitunguu! Tumpe alikosa usingizi.

Mwaka huu akaamua kuachana na ng'ombe. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kumfunga Jatin, na kama Jatin ni moto, basi dawa yake ni maji. Akaunda deki ya mvua: manyunyu, masika, mafuriko, ukungu wa asubuhi, mawingu ya kila namna. Kadi moja ilizima moto, nyingine ilizima moto na kulowesha kuni, nyingine ilikuwa inazima hata moto ambao bado haujawashwa.

Kuipima deki hakukuhitaji kwenda mbali. Alikata kalenda ya mwaka jana vipande hamsini, akaandika juu yake majina ya kadi zote za Jatin, maana alikuwa anazijua kuliko sala, kisha akamkabidhi Gloria, mteja wake wa kila wiki, aliyekuwa amekaa chini ya drai na hana pa kukimbilia. Gloria alicheza moto wa makaratasi, akazimwa. Wiki iliyofuata akazimwa tena. Siku moja akauliza, kwa upole wa mtu ambaye kichwa chake kimo mikononi mwa mwingine, kama hao wachezaji wengine wa Iringa nao wanacheza moto. Tumpe akaongeza nguvu ya drai, Gloria akawa hasikiki.

Kanisani nako hakulala. Katika maombi ya Jumatano, wenzake walipokuwa wanaombea wagonjwa na wasafiri, yeye alifumba macho akaomba kumfunga Jatin. Alimtaja kwa jina, pamoja na mtaa wa duka lake, Mungu asije akakosea mtu.

Mpelelezi wake alikuwa Faustina wa Chimala. Faustina alikuwa anauza mchele Mbeya na Iringa, na popote alipopeleka mzigo alicheza Himaya, vibaya na kwa furaha nyingi. Yeye ndiye aliyeleta taarifa kwamba ameuona moto mezani kwa Jatin kwa macho yake. Ilikuwa kweli. Na Jatin alipomuuliza habari za Mbeya, alimjibu kwamba Tumpe ni yuleyule na ng'ombe wake ni walewale. Siku aliyosema, hiyo nayo ilikuwa kweli.

Asubuhi ya safari Faustina alifika saluni na uso wa msiba. Turubai la lori lilikuwa limevuja, na deki yake iliyokuwa juu ya magunia imevimba kama maandazi. Akaomba deki yoyote, hata mbovu, ilimradi asikae ukumbini mikono mitupu. Tumpe akamtolea ng'ombe wake kwenye droo, kwa ukarimu wa mtu anayegawa sketi iliyombana, akamwambia awachunge vizuri.

Ukumbini Iringa baridi ilikuwa ya kutoa machozi. Utaratibu wa mashindano ni rahisi: aliyeshinda anapangwa na aliyeshinda, aliyefungwa anapangwa na aliyefungwa, raundi baada ya raundi. Wababe wanapanda kuelekea meza ya kwanza, chini ya picha ya askofu, na wengine wanateremka kuelekea meza ya mwisho, iliyo mlangoni jirani na choo.

Raundi ya kwanza Tumpe alipangwa na Mzee Bartholomeo, mwalimu mstaafu mwenye deki ya nyuki. Tumpe akanyesha. Maua ya Bartholomeo yakachanua, nyuki wakaongezeka. Akanyesha tena, kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya, na maua yakajaa meza nzima mpaka mzee akaanza kumwonea huruma. Raundi ya pili alikuwa Yusta, mwanakwaya, deki yake vyura. Vyura, jamani. Mtu amejiandaa miezi kwa ajili ya moto, anakutana na vyura! Walishangilia kila wingu. Raundi ya tatu kijana mmoja alijenga boma la mawe, akakaa ndani akimwangalia Tumpe akilowesha kuta, kisha akatoka akammaliza.

Tumpe alikusanya mawingu yake, akateremka kwenye meza ya mlangoni akiwa amekunja ndita. Akaketi. Kiti cha mbele yake kikavutwa, akainua macho, akamwona Jatin.

Kwanza alidhani amekuja kumcheka. Lakini Jatin alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa viatu msikitini, na karatasi ya matokeo ukutani ilisema naye amefungwa mechi zote. Wakarusha sarafu, Jatin akapata kuanza, akafurahi kidogo. Akaweka kadi ya kwanza. Mbung'o. Akaweka ya pili. Mbung'o tena, na chini yake ugonjwa wa miguu na midomo.

Tumpe akazitazama zile kadi. Ilikuwa deki nzima ya kuua ng'ombe.

"Ng'ombe wako wako wapi?" Jatin aliuliza.

"Na moto wako je?"

Wakacheza. Mvua ilinyesha mahali pasipo na moto, mbung'o wakaruka mahali pasipo na ng'ombe, zamu baada ya zamu, na hakuna aliyepata hata mchubuko. Watu waliokwenda chooni walisimama kutazama, wakashindwa kujua wanachotazama, wakaendelea na safari yao.

Katikati ya upuuzi huo Jatin alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Dada, mimi nilikuwa nawaogopa wale ng'ombe," alisema. "Mwaka jana ungepata zamu moja tu zaidi, nilikuwa nimekwisha. Nimekaa mwaka mzima nawaota."

Maneno yale yalimchoma Tumpe kuliko kufungwa na vyura. Mwaka jana aliondoka ukumbini akiwa na uchungu kiasi kwamba hakuwahi kujiuliza alibakiza kiasi gani. Aliona tu moto, akarudi nyumbani akawatupa ng'ombe wake kwenye droo. Kumbe huku mtu alikuwa anawaota! Akatamani kulia, na hapohapo akatamani kumpiga Jatin kwa kutosema mapema.

Kwa kanuni za Himaya, asiyekuwa na kadi ya kuchukua zamu yake ikifika amefungwa. Jatin ndiye aliyeanza, kwa hiyo ndiye aliyeishiwa kwanza. Aliunyosha mkono kwenye deki, akapapasa meza tupu, akaurudisha.

"Umecheza vizuri, dada," akasema, kwa mazoea.

Hivyo ndivyo Tumpe alivyomfunga Jatin. Maombi yake yalijibiwa neno kwa neno. Alikuwa ametaja jina na mtaa, ila meza hakuitaja.

Makelele ya vigelegele yakatoka upande wa picha ya askofu. Walipogeuka wakamwona Faustina amesimama juu ya kiti, sufuria kichwani kama kofia, na mezani kwake ng'ombe wamejaa, wanono, wanang'aa. Hakukutana na moto wala mbung'o siku nzima, maana mwenye navyo vyote alikuwa Jatin: moto aliuacha nyumbani, na mbung'o alizama nao mlangoni. Jatin alizitazama zile kadi, akamtazama Tumpe, akavaa miwani yake polepole.

Kesho yake Tumpe na Faustina walirudi pamoja kwa basi, sufuria limekaa katikati yao kama mzazi. Walipofika Chimala, Faustina aliteremka nalo. Kabla ya kushuka alimrudishia Tumpe deki yake, imefungwa vizuri kwa mpira, akamshukuru kwa moyo mweupe kabisa.

"Ng'ombe wako wapole sana, dada Tumpe," alisema. "Unawaacha tu wanajichunga. Sasa wewe miaka yote ulikuwa unawafanya nini?"

Tumpe aliishika deki mapajani mpaka Mbeya.

Jumamosi Gloria alikuja saluni kama kawaida yake. Alikuwa na haki ya kuuliza, baada ya kuzimwa mara zote zile, na aliuliza kabla hata hajakaa: je, ulimfunga Jatin?

"Nilimfunga," Tumpe alisema, na hakuwa anasema uongo.

Gloria akapiga makofi, akakaa kwenye kiti, akaangaza macho juu ya kabati, chini ya sinki, nyuma ya pazia.

"Sasa sufuria liko wapi?"

Tumpe akamshushia drai kichwani, akaiwasha mpaka mwisho.