Foronya ya Viraka Ishirini

Kosa lilikuwa langu. Mjukuu wangu, yuko darasa la sita, aliniuliza asilimia ni mdudu gani. Nikamtandikia blanketi langu la viraka: kumi kwa kumi, mia kamili. "Asilimia ishirini na tano ni viraka ishirini na tano," nikamwambia, nikajiona profesa. Mimi niliyeishia darasa la nne!

Kesho yake akarudi uso umemvimba. Mwalimu alichora miraba ishirini ubaoni, akamwita apake rangi asilimia ishirini na tano. Akapaka yote, kisha akasimama na chaki mkononi akitafuta mingine mitano.

"Nikasema blanketi lako lina ishirini na tano. Wakacheka, bibi. Mmoja akasema, 'Kamwambie bibi yako akushonee mitano ya nyongeza!' Na kesho mwalimu ananiita tena. Siendi."

"Huendi, mke mwenzangu? Ubaki hapa tugombanie chai?"

Hakucheka. Nikajua maji yamezidi unga.

Nikalichukua blanketi lile lile, nikampa ncha mbili, mimi mbili. Tukalikunja katikati.

"Hii?"

"Nusu. Hamsini."

Tukalikunja tena.

"Robo. Ishirini na tano."

Kisha nikaivua foronya ya mto wangu. Mbele ina viraka ishirini, vinne kwa vitano. Nyuma kitambaa kitupu. "Kunja na hii, viraka vikae nje."

Akakunja nusu, akakunja tena. Ukabaki mstari mmoja. Akahesabu kwa kidole mara mbili, kana kwamba vitamtoroka.

"Vitano tu? Lakini ni robo ile ile!"

Nikamwachia foronya mkononi. Chungu ukikifunua kila mara hakiivi.

"Kumbe mia si viraka," akasema polepole. "Mia ni kitu kizima, kiwe kikubwa, kiwe kidogo. Kwenye foronya kila kiraka kinabeba tano."

Hilo la kubeba tano, kusema kweli, nililielewa baadaye, nilipokunja tena peke yangu.

Asubuhi akaenda, foronya mkobani. Jioni akarudi bila foronya.

"Iko wapi?"

"Mwalimu kaomba ibaki mpaka Ijumaa. Yule aliyenicheka ndiye aliyenishikia ncha."

"Na mimi nilalie nini?"

"Nakupa asilimia hamsini ya mto wangu."

"Nusu tu?"

"Wangu mrefu, bibi. Hamsini yangu ni kubwa kuliko yako."